Trial by Jury ya Sullivan: kitabu cha nota kwa kwaya ya Moshi au Arusha inayotaka kujaribu opereta

Kwa kwaya yenye waimbaji 25 hadi 40, kinanda kimoja na mwalimu anayesoma nota za mistari, opereta (mchezo mwepesi wa kuimbwa) ya kwanza iwe Trial by Jury. The Mikado ya Sullivan huyo huyo iacheni kwanza, hata kama ndiyo inayotajwa na kila mtu. Kinachopitiwa hapa ni kitabu cha nota za sauti na piano cha opereta hiyo ya kitendo kimoja, muziki wa Arthur Sullivan na maneno ya W. S. Gilbert, iliyoonyeshwa mara ya kwanza London tarehe 25 Machi 1875. Inachukua kama dakika 40. Yote inaimbwa mwanzo hadi mwisho, hakuna mazungumzo ya kusema, na hilo peke yake ni nafuu kubwa, maana maonyesho mengi ya kwaya huanguka pale waimbaji wazuri wanapolazimika kuongea jukwaani. Haina utangulizi mrefu wa kumtesa mpiga kinanda: nota chache za ufunguzi, kisha kwaya inaingia. Nakala ya kielektroniki ni ya bure kwenye maktaba ya nota ya IMSLP, kwa kuwa Sullivan alifariki mwaka 1900 na Gilbert mwaka 1911, haki zao zimekwisha zamani. Mnaweza kuchapa, kutafsiri, kukata na kubadilisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Kitabu kina kasoro zake, na baadhi zinaigusa moja kwa moja kwaya yenye sauti nne kama zilivyo kwaya za huku. Tutazifikia.

Kwanza mtunzi, kwa sababu maisha yake yanaeleza kwa nini nota zake zinakaa vizuri kwenye koo la mwanakwaya. Sullivan alizaliwa Lambeth, London, tarehe 13 Mei 1842. Baba yake, Thomas, alikuwa kiongozi wa bendi katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na mtoto alikulia chumba cha mazoezi. Hajafika hata miaka kumi, alikuwa anapiga karibu kila chombo cha kupuliza cha bendi ile. Mwaka 1854 aliingia Chapel Royal, kwaya ya kifalme yenye wavulana, na mwaka uliofuata wimbo wake wa kwanza wa kanisani ukachapishwa. Mwaka 1856 akawa mtu wa kwanza kupata ufadhili wa masomo uliopewa jina la mtunzi Mendelssohn. Ulimpeleka Royal Academy of Music, kisha kuanzia 1858 hadi 1861 akasoma Leipzig, Ujerumani, kwenye chuo ambacho Mendelssohn mwenyewe alikianzisha mwaka 1843.

Leipzig si jina geni Moshi. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na walikuja na uimbaji wa Kilutheri wa sauti nne, ule ambao besi inatembea hatua kwa hatua na kila mstari wa wimbo unafungwa sawasawa kabla ya kwenda mwingine. Moritz Hauptmann, mmoja wa walimu wa Sullivan, alikuwa kiongozi wa muziki wa Kanisa la Mtakatifu Thomas, Leipzig, nafasi aliyowahi kuishika J. S. Bach. Kwa hiyo mwanakwaya wa Machame au Marangu akiimba ukurasa wa kwaya wa Sullivan anakutana na adabu anayoijua: sauti ya tatu haiachwi ikielea, sauti ya nne haipewi kurukaruka bila sababu. Isitoshe, Sullivan ndiye aliyetunga mwaka 1871 tuni ya Onward, Christian Soldiers, akaiita St. Gertrude. Tuni hiyo inaimbwa makanisani kwa Kiswahili na wengi ambao hawajawahi kusikia jina lake.

Hakupanga kuwa mtu wa vichekesho. Aliporudi London alijitambulisha kwa muziki wa tamthilia ya The Tempest ya Shakespeare, ulipigwa katika jumba la Crystal Palace Aprili 1862 naye ana miaka 19. Mwaka 1866 alitoa simfoni na hapo hapo kichekesho kidogo cha Cox and Box. Opereta kama aina ya muziki ilikuwa tayari imeshika Paris kupitia Jacques Offenbach, Mjerumani wa Köln aliyefungua ukumbi wake wa Bouffes-Parisiens mwaka 1855. Waingereza waliagiza za Offenbach na kuzitafsiri, mara nyingi vibaya. Mwaka 1875 Richard D'Oyly Carte, aliyekuwa akisimamia ukumbi wa Royalty, alihitaji kipande kifupi cha kuambatana na La Périchole ya Offenbach. Gilbert alikuwa nacho, amekikuza kutoka mzaha wa ukurasa mmoja aliouchapisha gazetini mwaka 1868. Sullivan alimaliza muziki ndani ya wiki chache. Watu walikuja kwa ajili ya Offenbach wakaondoka wakiimba Sullivan, na sehemu ya Jaji aliichukua kaka yake mtunzi, Fred.

Hadithi yenyewe ni kesi ya madai. Angelina, mdai, anamshtaki Edwin kwa kuvunja ahadi ya ndoa. Gilbert aliwahi kuwa wakili kabla ya kuishi kwa kalamu, na mahakama anaichora kwa jicho la mtu aliyekaa ndani. Karani wa mahakama anawaasa wazee wa jopo, wale raia 12 wanaoamua kesi, wasiwe na upendeleo wa aina yoyote, kisha katika pumzi hiyo hiyo anawaambia wamhurumie binti na wasimsikilize yule mhuni. Edwin anajitetea, na wazee wanakiri kwamba hata wao walikuwa hivyo hivyo ujanani, ila sasa ni watu wa heshima, kwa hiyo hawana huruma naye. Jaji anaingia na kusimulia alivyopata cheo: alimchumbia binti wa wakili tajiri, baba mtu akampa kazi, na alipojaa fedha akamtupa binti. Yaani anayeketi kuhukumu kosa amelitenda mwenyewe, na kwaya inamwitikia kwamba ni jaji, tena jaji mzuri. Mwisho, mabishano yanapomchosha, anaamua kumwoa mdai yeye mwenyewe.

Hapa Arusha inazidi London. Uingereza waliifuta kesi ya namna hii kwa sheria ya mwaka 1970, kwa hiyo mtazamaji wa huko anacheka jambo lililokufa. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 69, inaruhusu mtu kudai fidia kwa kuvunjiwa ahadi ya ndoa. Jiji la Arusha lina Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lina Mahakama ya Afrika Mashariki, na hadi mwisho wa 2015 lilikuwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda. Majoho, makarani na mawakili wanaojua kulia machozi kwa kulipwa si vitu vya kueleza kwa hadhira. Kitu kimoja tu kielezwe kwenye karatasi ya programu: wale 12 wa jukwaani si wazee wa baraza wa kutoa maoni tu. Wao ndio wanaotoa uamuzi wa kesi, angalau mpaka Jaji anapochoka.

Lipo pia suala la wake wawili. Edwin anapendekeza amwoe huyu leo na yule mwingine kesho, na wakili anapekua vitabu kuthibitisha kwamba hilo ni kosa. Kwa hadhira ya huku, ambapo sheria hiyo hiyo ya 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, pendekezo la Edwin halisikiki kama upuuzi mtupu, na kicheko kinahama: kinatua kwa wakili na vitabu vyake. Kwenye tafsiri mfanyeni Edwin aseme wazi kwamba uchumba ulikuwa wa ndoa ya kanisani. Bila hivyo nusu ya ukumbi watauliza tatizo liko wapi.

Sasa muziki, na hapa kitabu kinalipa. Wimbo wa Edwin unaiga gitaa: anaimba "tink-a-tank" na wazee wa jopo wanadakia, sauti ya tatu na ya nne zikifanya kazi ya nyuzi. Wepesi wake unadanganya. Wanaume waliozoea kuvuta nota za ibada wanaziburuta zile silabi fupi, na mwendo unakufa. Dawa ni kufanya mazoezi ya sehemu hiyo kwa kunong'ona bila sauti, mdomo tu, mpaka konsonanti zianguke pamoja, halafu ndiyo kurudisha sauti, tena ya wastani.

Jaji anapoingia, kwaya inampokea kwa muziki wa kifahari unaomwiga Handel, ile namna ya sauti kufuatana na kurudia neno moja mara nyingi kana kwamba anaingia mfalme. Kwaya iliyowahi kuimba Haleluya ya Handel itaielewa mara moja. Kosa la kawaida ni kuifanyia mzaha. Iimbwe kwa uzito wote kama sikukuu ya Pasaka. Mzaha uko kwenye tofauti kati ya ukubwa wa muziki na udogo wa mtu anayeingia. Sheria hiyo inashika karibu kila mahali kwa Sullivan: muziki haujui kwamba maneno yanachekesha. Gilbert anatania, Sullivan anabaki na uso mkavu, na mwanakwaya anayekonyeza hadhira anaharibu kazi za wote wawili.

Kilele ni kipande cha sauti sita pamoja na kwaya, "A nice dilemma we have here". Mfano wake ni vipande vikubwa vya opera ya Kitaliano ya akina Bellini, ambapo kila mtu anasimama palepale na kuimba mshangao wake kwa mistari mirefu ya kuunganisha. Hapa wanashangaa swali dogo la kisheria. Ndicho kipande kigumu kuliko vyote kitabuni, na sababu ni pumzi. Mistari ni mirefu, mwendo ni wa taratibu, na waimbaji wakipumua wote mahali pamoja wimbo unachanika. Pangeni pumzi kwa penseli: kwenye kila sauti nusu wapumue kabla ya neno la mwisho la mstari na nusu baada yake. Kingine kinachoharibika ni kimo cha sauti, ambacho hushuka polepole kwaya ikiimba kwa upole. Mpiga kinanda asiongeze nguvu kuwavuta, kwa sababu ukumbi mzima utasikia tofauti. Afadhali sauti ya kwanza na ya nne zifanye mazoezi peke yao, bila zile za kati, mpaka zishikane.

Wapambe wa bibi harusi, upande wa wanawake, wanaingia na wimbo mwepesi wa maua. Ni mzuri, ni mfupi, hauna tatizo.

Kasoro kubwa kwa kwaya zetu ni sauti ya pili. Sullivan aliandikia kwaya za jukwaani ambamo wanawake walikuwa sauti ya kwanza kwa wingi, wakigawanyika mara moja moja tu. Wanaume wanapata sehemu mbili za kweli, sauti ya pili inapata makombo. Kwaya ya kanisa yenye akina mama 12 wenye sauti nzito watakaa wakisubiri. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwapa sauti ya pili mstari wa chini kila wanawake wanapogawanyika, na panapokuwa na mstari mmoja tu waimbe pamoja na wengine, isipokuwa nota za juu kabisa ambazo waziache. Ya pili, na bora kama wanaume ni wachache, ni kuwaweka baadhi yao ndani ya jopo la wazee waimbe mstari wa sauti ya tatu katika kimo chake halisi. Nota nyingi za kati za sauti ya tatu wanazifikia bila shida. Wavalishwe koti na tai, hakuna atakayelalamika. Msitunge sauti ya pili mpya juu ya nota za Sullivan bila kuitazama piano. Nota za kujazia ziko kule tayari, na ukiongeza nyingine mnapata nota ya tatu ya mwafaka iliyorudufiwa, inayofanya kila mwafaka usikike kama umevimba.

Waimbaji pekee ni sita: Jaji, Edwin, Angelina, wakili, karani na kiongozi wa jopo. Mwanamke ni mmoja tu. Kama mna waimbaji wanne wazuri wa kike mtakuwa na kesi ya pili nje ya jukwaa. Sehemu ya wakili inaweza kupewa mwanamke bila kubadilisha hadithi, akaimba oktava ya juu, na Mahakama Kuu imejaa mawakili wa kike. Jaji hahitaji sauti kubwa. Anahitaji ulimi na utulivu. Mpeni mtu anayesomeka maneno yote hadi benchi la nyuma.

Kuhusu kuchapa. Kwanza hakikisheni mmepakua nota za sauti na piano. Faili la orkesta kamili na lile la maneno matupu nayo yapo, na wengi wamechapa lisilo lao. Nakala nyingi za bure ni picha za vitabu vya zamani, kurasa zake ni nyembamba kuliko A4. Ukiagiza ukurasa ujazwe kwenye A4 nota zinakua kidogo, na hiyo ni faida. Usikubali kurasa mbili kwenye karatasi moja ili kubana gharama: mistari ya piano inakuwa midogo kiasi kwamba mpiga kinanda hatofautishi nota na nukta ya uchafu wa picha. Mkichapa pande mbili, mwambie kijana wa steshenari ageuze kwa upande mrefu wa karatasi, vinginevyo kila ukurasa wa pili utakuwa kichwa chini. Toeni kwanza nakala moja, hesabuni kurasa zote zipo, ndipo mtoe za watu wote. Mpiga kinanda na mwalimu wapate kitabu kizima kilichofungwa kwa springi ili kilale wazi. Wanakwaya wapewe kurasa za kwaya tu, pamoja na mstari wa mwisho wa mwimbaji anayewatangulia. Mstari huo usisahaulike. Ndio unaowapa nota ya kuingilia, na kwaya ikikosa kuingia, mara nyingi ni kwa sababu hawakujua wanamfuata nani.

Walimu wengi huandika nota za sol-fa, na kazi hiyo hapa inawezekana ila si ya jioni moja. Sullivan hahami kii ovyo, lakini akihama anahama katikati ya sentensi. Hapo usiendelee kurundika fe (fa iliyopandishwa) na ta (ti iliyoshushwa) kwa mistari miwili mizima. Hamisha doh: kwenye nota ya kuhamia andika silabi ya kii ya zamani kwa herufi ndogo pembeni na ya kii mpya kwa herufi kubwa, ili mwimbaji asikie so na aimbe doh. Fe au ta moja ya kupita iacheni ilivyo. Kabla ya kunukuu, pitieni kitabu chote na penseli nyekundu mkiweka alama kila doh inapohama; mkiandika kwanza na kugundua baadaye, mtafuta kurasa nzima.

Kinanda cha vitufe 61 kinatosha, kwa masharti. Mkono wa kushoto wa piano mara nyingi una oktava zinazoshuka chini ya mwisho wa kinanda hicho. Pigeni nota ya juu ya oktava peke yake, msihamishe mkono mzima kwenda juu, kwa sababu utagongana na sauti ya nne. Chagueni mlio wa piano. Mlio wa nyuzi unachelewa kuamka na unafunika konsonanti. Halafu angalieni kile kitufe cha kuhamisha kii. Mpiga kinanda aliyekitumia Jumapili kumshushia mwimbaji mmoja toni moja akikisahau hivyo hivyo, mazoezi ya Jumanne yote yanafanyika chini, na siku matarumbeta yakija kila kitu kinagongana bila mtu kujua kwa nini.

Matarumbeta yenyewe yanafaa kuliko mnavyodhani. Orkesta ya Sullivan ya ukumbini ilikuwa ndogo: filimbi mbili, obo moja, klarineti mbili, basuni moja, horni mbili, korneti mbili, tromboni mbili, ngoma na nyuzi. Ni mtoto wa kiongozi wa bendi huyu. Korneti zake zina kazi ya maana. Msijaribu kuwapa wapigaji opereta nzima, watawafunika waimbaji. Wapeni ufunguzi, kuingia kwa Jaji na wimbo wa mwisho, basi. Kabla ya kuandika sehemu zao waulizeni wanasoma vipi. Bendi za kanisa za asili ya Kijerumani husoma nota kama zinavyosikika, kwa hiyo wanaweza kusoma moja kwa moja kutoka kitabu cha kwaya. Wapigaji waliofunzwa kwenye bendi za polisi, jeshi au shule husoma kwa tarumbeta ya Bb, na wao lazima waandikiwe toni moja juu. Mkitumia nakala za orkesta za zamani mtakuta pia sehemu za korneti ya A. Mwenye Bb aandikiwe nusu toni chini ya ilivyo kitabuni.

Tafsiri ya Kiswahili ni lazima, kwa sababu utani wote uko kwenye maneno. Tatizo lake ni mkazo. Mistari ya Gilbert kwa wingi inaishia kwenye silabi yenye mkazo, na Sullivan anaiwekea pigo zito. Kiswahili mkazo wake uko silabi moja kabla ya mwisho, kwa hiyo mtafsiri anayehesabu mizani tu, silabi tisa kwa tisa, anapata neno la mwisho linaloimbwa kama la mgeni. Chukueni wimbo wa Jaji, "When I, good friends, was called to the bar". Mizani tisa, mkazo kwenye ya pili, ya nne, ya sita na ya tisa. Ukiweka "Nilipoanza uwakili" mizani ni tisa kamili, na bado pigo zito linaangukia "li". Ukiweka "Zamani, ndugu, nami wakili" mizani ni kumi, lakini mkazo unakaa pale pale: "ma", "ndu", "na", "ki". Nota ya mwisho inagawanywa mara mbili, "ki" inachukua pigo na "li" inadondoka baada yake. Fanyeni hivyo kitabu kizima: mizani moja zaidi mwishoni, nota ya mwisho imegawanywa. Vina mvipange kwa kufuata vibwagizo, kwa sababu kwaya hurudia maneno ya mwisho ya mwimbaji, na kina kibovu kikirudiwa na watu 30 kinasikika vibaya mara 30.

Kuna ubeti wa kuukata. Karibu na mwisho Edwin anajaribu kupunguza fidia kwa kudai kwamba yeye ni mlevi na angempiga mke, na Jaji anashauri wamleweshe waone. Mwaka 1875 walicheka. Ukataji hauumizi muziki: mwacheni Edwin ajisingizie uvivu, madeni na kukoroma, mdundo ni ule ule. Kwaya ikifanyia onyesho kwenye ukumbi wa kanisa, tafsiri nzima ipite kwa mchungaji na wazee wa kanisa kabla ya mazoezi kuanza. Wiki ya mwisho ni kuchelewa.

Jipeni miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, na "A nice dilemma" iwe kwenye kila zoezi kuanzia wiki ya kwanza. Tarehe isiangukie masika. Mvua ya Aprili juu ya mabati haishindani na sauti sita za taratibu, inazimeza.

Rekodi za kujifunzia ni nyingi. Ya kampuni ya D'Oyly Carte chini ya Isidore Godfrey, ya 1964, John Reed akiwa Jaji, ina mwendo sahihi na maneno yanasikika yote. Ndiyo ya kuwapa wanakwaya kwenye simu. Ya Malcolm Sargent ya 1961 ni nzito zaidi, lakini George Baker, mzee wa zaidi ya miaka 70 wakati huo, ni Jaji wa kusomea. Ya Charles Mackerras na Welsh National Opera, iliyounganishwa na The Yeomen of the Guard, ina orkesta safi kuliko zote, na mpiga kinanda aisikilize ili ajue piano yake inawakilisha nini.

Vingine vya Sullivan vinafuata kwa mpangilio wa uwezo. HMS Pinafore ya 1878, iliyofikisha maonyesho 571, ina kwaya ngumu kidogo na mazungumzo ya kusema. The Pirates of Penzance walilazimika kuizindua New York tarehe 31 Desemba 1879, kwa sababu Wamarekani walikuwa wameiba Pinafore bila kulipa senti. Ndani yake mna "Hail, Poetry", kipande kifupi kisicho na chombo ambacho kwaya yoyote ya sauti nne inaweza kukiimba peke yake hata leo jioni. The Mikado ya 1885 ndiyo iliyotia fora kwa maonyesho 672, na nyimbo zake ni tamu, ila inawavisha waimbaji sura ya Kijapani ya kubuni, na mji wenye watalii na mabalozi hauhitaji mjadala huo. Mwaka 1881 Carte alikuwa amejenga ukumbi wa Savoy, jengo la kwanza la umma kuwashwa lote kwa umeme, na mwaka 1890 Gilbert aligombana naye na Sullivan juu ya gharama za ukarabati, zikiwemo pauni 140 za zulia. Mweka hazina wa kwaya yoyote atauelewa ugomvi huo. Waliandika mbili zaidi pamoja, hazikufika pale. Sullivan alifariki London tarehe 22 Novemba 1900, sikukuu ya Mtakatifu Cecilia, msimamizi wa wanamuziki.

Kwa wanaume ambao watakuwa wamenogewa na jopo la wazee, pakueni pia The Long Day Closes ya 1868, sauti nne za kiume bila chombo, maneno ya Henry Chorley. Inafaa msibani. Ina kurasa chache, na sauti ya juu kabisa ipewe watu wawili wanaoweza kuimba juu bila kupiga kelele. Wakiwa wanne inapasuka.